Kabla Hujanunua Pini Mpya za Gitaa, Tazama Nyuzi Zako

Gitaa langu kavu, yaani lisilotumia umeme, lile ninalopigia kwaya kila Jumapili hapa Dar es Salaam, lilianza kufifia polepole. Halikupasuka wala kupinda shingo. Nikipiga kodi ya G, yaani noti kadhaa kwa pamoja, besi inasikika kama mtu anayegonga meza iliyotandikwa blanketi, na uzi wa kwanza unakata sauti kabla sijahamisha vidole. Mwenzangu mmoja wa kwaya, mpigaji ninayemheshimu, akaliinamia, akagusa zile pini sita za kwenye daraja, kile kipande cha mbao juu ya ubao wa mbele ambako nyuzi zinaishia, akaniambia: "Kaka, hizi plastiki ndizo zinazokumalizia sauti. Tafuta za shaba."

Nikamwamini. Niliagiza seti ya pini za shaba ya njano kutoka nje, nikasubiri wiki tano, nikazifunga Jumamosi jioni pamoja na nyuzi mpya. Sauti ikarudi, na kesho yake baada ya ibada nikamshukuru mbele ya watu. Ilinichukua karibu mwaka mzima kutambua kosa langu. Siku ile nilibadilisha vitu viwili kwa mkupuo, halafu sifa zote nikakipa kile kilichonigharimu zaidi.

Naandika haya kwa sababu kila mwezi napata kijana anayeniuliza anunue pini gani. Mara nyingi ninapolishika gitaa lake nakuta nyuzi zimeshika kutu na pini moja imechomoza nusu. Kijana wa namna hiyo hana shida ya pini. Hela yake nataka aitumie vizuri.

Tuanze na kazi ya pini yenyewe, maana inaeleweka vibaya sana. Uzi wa chuma una kipete kidogo mwishoni. Kipete hicho unakishusha kwenye tundu la daraja, kinapita ubao wa mbele, kinatokea upande wa chini ambako kuna kibao kigumu kilichogundishwa ndani. Unapokaza uzi, kipete kinataka kupanda, na kile kibao ndicho kinachokizuia. Pini inakaa ndani ya tundu kukisukuma kipete kando, kisipate njia ya kurudi. Ni hivyo tu. Mvuto haubebwi na pini. Seti ya kawaida ya 12, yaani ile ambayo uzi wake wa kwanza una unene wa inchi 0.012, ikituniwa sawasawa inalivuta daraja kwa nguvu ya takribani kilo 73, uzito wa mtu mzima. Ingekuwa pini ndizo zinazoshikilia mvuto huo, zingeruka zote usiku wa kwanza.

Kwa hiyo ukiona pini inapanda unapotuni, usiipigilie. Fahamu kwamba kipete kimekalia ncha ya pini badala ya kukumbatia kibao. Chukua mwisho wa uzi, ukunje kidogo karibu na kipete kabla ya kuutumbukiza. Weka pini, ule mfereji uliochongwa ubavuni mwake ukitazama tundu kubwa la gitaa. Bonyeza pini kwa dole gumba huku mkono mwingine ukiuvuta uzi juu mpaka usikie kipete kimegota. Kidole kinatosha. Nimewahi kuona mtu akigonga pini kwa kisigino cha kiatu, roho ikaniuma, kwa sababu daraja linaweza kupasuka kwenye mstari wa matundu na hapo fundi ana kazi ya siku kadhaa.

Mimi mwenyewe niligundua haya kwa kioo kidogo cha poda cha mke wangu. Nililegeza nyuzi, nikaingiza kioo kwenye tundu kubwa la gitaa, nikamulika na tochi ya simu. Vipete vitatu kati ya sita havikuwa vimegusa kibao vizuri. Kimoja kilikuwa juu ya ncha ya pini. Viwili vilikuwa vimezama ndani ya mbao, kwa sababu nyuzi za miaka mingi zilikuwa zimeyatafuna matundu hadi yakawa mapana. Zile pini zangu za shaba zilikuwa zimekaa hapo zikimeta, huku chini yake uzi haujashika mahali. Fundi wangu akabandika kipande chembamba cha mbao ngumu juu ya sehemu iliyoliwa, akatoboa upya. Nilipofunga tena nyuzi zilezile, besi ilikuwa na mwanzo na mwisho, kila noti inajulikana ilipoanzia. Wewe unayesoma, fanya ukaguzi huu wa kioo kabla ya kununua chochote. Haugharimu kitu.

Sasa nyuzi. Hapa ndipo sauti ilipo, na hapa nitakaa.

Uzi ukiwa peke yake hautoi sauti ya maana. Funga uzi kwenye misumari miwili ukutani uupige, utasikia mlio mwembamba tu. Gitaa linasikika kwa sababu uzi unatikisa kile kipande cheupe kinachosimama juu ya daraja, kipande kinatikisa daraja, na daraja linatikisa ubao wa mbele, ambao una unene wa milimita 3 au pungufu. Ubao ndio unaosukuma hewa. Kwa hiyo chochote kinachouharibu uzi kinaharibu sauti kuanzia kwenye chemchemi, na huko mbele hakuna kinachoweza kuisafisha.

Sisi wa pwani tuna adui wawili, jasho na hewa yenye chumvi. Nyuzi nne nene zimezungushiwa waya mwembamba, na katikati ya mizunguko hiyo ndimo jasho, mafuta ya vidole na vumbi vinapojificha. Uchafu huo unaongeza uzito usiolingana, unameza zile sauti za juu zinazofanya gitaa liwe na mng'aro, kisha uzi unaanza kudanganya hata kwenye kutuni: ukiupiga wazi, bila kuubonyeza, uko sawa, ukiubonyeza shingoni sauti yake imepanda. Wakati wa joto la kaskazi, seti isiyofunikwa kwenye gitaa langu inakaa vizuri wiki tatu hadi nne. Ndugu yangu anayeishi Iringa anapiga seti ya aina hiyohiyo miezi miwili na bado inalia. Nawa mikono kabla ya kupiga, futa kila uzi kwa kitambaa kikavu baada ya kupiga, juu na chini yake. Tabia hii peke yake imeniongezea wiki nzima kwa kila seti.

Kuhusu madini, madukani utakutana na aina mbili zaidi ya nyingine. Kuna bronzi ya 80/20, yaani asilimia 80 shaba na 20 zinki. Hii inang'aa masikioni, ina ukali mtamu siku za kwanza, kisha inashuka haraka. Halafu kuna bronzi ya fosfa, ambayo ni shaba, bati kidogo na fosfa kiduchu. D'Addario waliileta sokoni mwaka 1974, na imependwa kwa sababu joto lake la sauti linadumu zaidi na haishikwi na kutu upesi. Mimi natumia hii ya pili, kwa sababu gitaa langu lenyewe lina sauti ya juu kali. Mwenye gitaa zito, lenye besi nyingi, namshauri ajaribu 80/20 kwanza. Jambo ambalo wauzaji hawalitaji: uzi wa kwanza na wa pili ni chuma kitupu katika seti zote mbili. Kama kero yako iko kwenye nyuzi hizo nyembamba, kubadilisha aina ya bronzi hakutakusaidia. Badilisha unene.

Kuna pia nyuzi zilizofunikwa na utando mwembamba wa plastiki, zile ambazo Elixir walianza kuuza kwa magitaa kavu mwishoni mwa miaka ya 1990. Bei yake inakaribia mara mbili au zaidi. Nilizikataa kwa muda mrefu, niliona zinateleza mno. Sasa kwa mtu wa Dar, Tanga, Mombasa au Unguja nasema nunua ukiweza. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: seti moja iliyofunikwa ilimaliza miezi mitatu na nusu, muda ambao ningenunua nne za kawaida.

Unene ni suala la mkono wako na la ubao wa gitaa lako. Seti ya 10 ni laini, mwanafunzi anaifurahia, lakini sauti yake ni ndogo. Seti ya 13 inautikisa ubao kwelikweli, na inaongeza mvuto hadi karibu kilo 84, kwa hiyo usiifunge kwenye gitaa la bei nafuu ambalo tumbo lake limeshaanza kuvimba nyuma ya daraja. Wengi wetu tutaishi vizuri na 11 au 12. Na tafadhali, kama gitaa lako ni la nyuzi za nailoni, lile ambalo nyuzi zake hufungwa kwa fundo kwenye daraja na halina pini kabisa, usithubutu kulifunga nyuzi za chuma. Ubao wake umejengwa kwa mvuto mdogo zaidi. Nimeona madaraja mawili yaliyong'oka na kipande cha ubao kwa sababu hiyo.

Baada ya kurekebisha kibao, nilitaka nijue ukweli wa pini bila kujidanganya. Nilikuwa na zile za plastiki na zile za shaba. Nikaongeza seti ya tatu: nilipeleka pini moja ya plastiki kwa mchongaji mmoja wa Mwenge, kule kwa vinyago, nikamwomba anikerezee sita za mpingo. Mpingo ni mti wetu, ni mgumu na mzito kiasi cha kuzama majini, na dunia inautumia kutengenezea klarineti na zumari za okestra. Ilikuwa haki gitaa langu nalo lionje. Mara ya kwanza alizifanya nene kidogo, hazikushuka. Akazikereza upya, akifuata mteremko wa ile ya plastiki, akachonga mfereji mmoja mmoja kwa tupa. Zilipoingia mara ya pili zilikaa imara kwa kubonyezwa tu, hazichezi, na hapo nikaelewa kwamba pini inayolingana na tundu lake ina thamani kuliko pini ya madini ya gharama inayopwaya.

Nilizipima kwa sonara. Sita za plastiki hazikufika gramu 3, za mpingo zilizidi 3 kidogo, za shaba zilikuwa 18. Kisha nikawakalisha mke wangu na wanakwaya wawili sebuleni, wamenipa mgongo. Nikapiga wimbo uleule, nyuzi zilezile, nikibadilisha pini na wakati mwingine nikijifanya nimebadilisha. Plastiki na mpingo hakuna aliyeweza kuzitenganisha. Za shaba walizitambua mara kadhaa: mmoja alisema "hii ina kengele kidogo", na kweli mlio ulidumu zaidi mwishoni. Kisha nikafunga seti ya nyuzi za zamani niliyokuwa nimeivua. Kodi ya kwanza tu, wote watatu wakageuka.

Mimi niliyelikumbatia gitaa nilihisi jambo jingine ambalo wao hawakulisikia. Zile gramu 15 za ziada zimekaa juu ya daraja, na daraja ni kitu kinachotakiwa kucheza. Kwa shaba, ule mruko wa kwanza wa noti ulipungua. Mtu wa kupiga kodi ndefu anaweza kuupenda mlio unaodumu, simkatazi. Mimi napiga kwa dole gumba na kidole cha shahada, mtindo tulioupokea kutoka Katanga, kusini mwa Kongo, kwa wapiga gitaa akina Mwenda Jean Bosco, ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, mji unaoitwa sasa Likasi. Sikiliza rekodi zake: kila noti inaruka kama punje ya bisi. Mtindo huo unataka ubao mwepesi unaoamka papo hapo. Nikavua shaba, nikarudisha mpingo, na humo umebaki.

Kama una hela kidogo iliyobaki baada ya nyuzi, ningependa uiweke kwenye kile kipande cheupe cha juu ya daraja kabla ya kuwaza pini. Uzi unakigusa moja kwa moja. Cha kwangu kilikuwa plastiki yenye uwazi ndani, na chini hakikulala sawa kwenye mfereji wake. Fundi alinitengenezea kingine kwa mfupa wa paja la ng'ombe uliochemshwa mafuta yote yakatoka, akakisugua kwa msasa juu ya kioo hadi kikawa bapa kabisa. Tofauti hiyo hata watu wa viti vya nyuma kanisani waliiulizia.

Jambo la mwisho ni la wakati wa masika, ambapo mbao zinavimba na pini hukwama. Usiivute kwa koleo, utaivunja kichwa. Legeza uzi kabisa, ingiza mkono kwenye tundu kubwa la gitaa ukiwa na sarafu ya shilingi mia mbili, isukume ncha ya pini kutoka chini kwenda juu. Inatoka nzima, na kipete kinatoka nayo.