Vitabu vilivyopanda chukudu

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema seremala wa huko Lubumbashi amelimaliza kabati lako la vitabu, na unaniomba nikutajie vitabu kumi vya kuanzia, vile ambavyo baba yako hawezi kuachana navyo. Nimekaa na swali hilo siku tatu. Kila nilipoandika orodha niliichana, kwa sababu orodha ya namna hiyo niliwahi kuitunga mara moja maishani, si kwa kalamu bali kwa mikono miwili, katika muda usiozidi robo saa, na hadi leo mama yako ananidai.

Ulikuwa na miaka saba, kwa hiyo unalikumbuka birika ulilolibeba mwenyewe hadi Gisenyi, ng'ambo ya mpaka wa Rwanda, na kukataa mtu asikupokee. Lakini habari ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukumia mizigo, nadhani umeisikia kwa upande wa mama yako tu. Ilikuwa Alhamisi, tarehe 17 Januari 2002. Tulikuwa tumezoea kuiona Nyiragongo, volkano yetu ya hapa Goma, ikiwaka kileleni usiku. Safari hii ulipasuka ubavu wake wa kusini, na lava ikateremka kwa kufuata nyufa hizo, ikapita uwanja wa ndege, ikaingia katikati ya mji na kuendelea hadi ziwani. Kijana wa jirani alikubali kutusukumia mzigo mmoja tu, kwa kuwa alikuwa na wazazi wake wa kuwahudumia. Mama yako alikuwa ameshaifunga mashine yake ya kushona kwa kitenge na kuisogeza mlangoni. Mimi nikatoka na katoni mbili za vitabu, nikazipanga juu ya chukudu, nikazikaza kwa kamba ya mpira, nikamwambia kwamba mashine tutairudia.

Hatukuirudia. Tuliporejea baada ya siku chache, tukikanyaga jiwe ambalo joto lake lilipenya soli za viatu, nyumba ilikuwa imezama hadi madirishani, na mabati yake yamejikunja kama majani ya mgomba yaliyopitiwa na moto.

Usiku ule wa kwanza kule Gisenyi, chini ya baraza ya watu tusiowajua, nilizifungua katoni ili nione nilichookoa. Nilitarajia kumkuta Victor Hugo, zile juzuu nyekundu za padri aliyerudi Ubelgiji, ambazo nilizipanga sebuleni ili kila mgeni azione, na ambazo nilikuwa nikizisifu kuliko vitabu vyote. Hakuwemo hata juzuu moja. Kulikuwa na Biblia, kamusi ya Kifaransa iliyopoteza herufi ya Z, kitabu cha Camara Laye kuhusu utoto wake, daftari la hesabu la marehemu baba yako mkubwa, na Kusadikika ya Shaaban Robert, isiyo na jalada, yenye uzi mweusi wa mama yako kati ya kurasa kuwa alama ya mahali tulipofikia.

Mama yako aliutazama uzi ule kwa muda mrefu. Kisha akasema: «Sasa kisome, tuone kama kitashona.»

Sikukisoma usiku ule, wala mwaka ule.

Unajua kwa nini maneno yale yaliniingia. Kila jioni yeye alishona na mimi nilimsomea; mguu wake ulikuwa kwenye kanyagio, na alipofika kwenye kona ya nguo akasimamisha gurudumu, mimi nami nilinyamaza nikamngoja. Wateja waliokuja kuchukua nguo zilizokwisha kushonwa waliketi kwenye benchi, wakijifanya wanapumzika, ili wajue yaliyompata mjumbe mwingine wa Kusadikika. Ile ni nchi iliyo angani, ambako Karama anashtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria. Naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, pamoja na mbinguni na ardhini, wakarudi na mambo ya manufaa na kutupwa gerezani. Shaaban Robert alikichapisha mwaka 1951, na benchi letu la Goma lilikisikiliza kana kwamba kimeandikwa juzi. Wapo watu hapa wanaosema kwamba Kiswahili cha vitabu ni cha Watanzania, kwamba sisi tuna chetu. Mimi niliwaona wauza samaki wakicheka na kusikitika mahali panapostahili, na neno wasilolijua walimwuliza mwenzao, hadithi ikaendelea.

Nimewaambia tangu mkiwa wadogo, na sitachoka kurudia: kitabu ni chako siku unapokisoma kwa sauti na mtu mwingine akakisikiliza. Ndiyo maana mikono yangu ilimwacha Hugo. Nilikuwa nimemsoma peke yangu, nikamheshimu, nikampangusa vumbi. Hata hivyo, ninapoandika haya najiuliza kama sijipambi. Huenda mikono ilichukua tu vilivyokuwa karibu na kitanda. Lakini kwa nini vilikuwa karibu na kitanda? Tena kuna Mudimbe, aliyezaliwa Likasi mwaka 1941, si mbali na hapo ulipo: kitabu chake Entre les eaux, cha mwaka 1973, kinachomhusu padri anayekwenda kujiunga na wapiganaji wa msituni, sijawahi kumsomea mtu hata ukurasa mmoja, na bado kimekaa ndani yangu kama mwiba. Basi labda kanuni yangu ina tundu. Hata hivyo siiachi. Mweke Mudimbe katika kabati lako, umsome kimya, kisha utafute mtu wa kubishana naye. Hiyo nayo ni sauti.

Hivyo sikupi vitabu kumi. Nakuomba uniandikie ni nani atakayeketi kwenye benchi lako.

Kuhusu mashine, najua utauliza kama nilikosea. Mashine ile ndiyo iliyolipa karo yenu, na kwa miaka miwili baada ya hapo mama yako alishona kwa mkono, kwenye taa ya mafuta, macho yake yakaharibika. Hilo nalijua kila anapoomba nimtungie uzi kwenye sindano. Kwa upande wa pili, yeye mwenyewe ndiye aliyeushona mgongo wa Kusadikika kurasa zilipoanza kuachana, bila kuambiwa na mtu. Jibu ninalo, liko ncha ya ulimi. Lakini si la kuandikwa kabla yeye hajalitamka kwanza.

Nilitaka nikutumie kitabu hicho kwa mkono wa msafiri, kiwe cha kwanza katika rafu yako. Nimekwisha kukifunga kwenye karatasi, mama yako akakifungua. Anasema uvumilie, kwa sababu bado hatujamfikia mjumbe wa sita.

Baba yako,
Goma