Lugalo mikuki ilitosha, Kalenga ukuta haukutosha

Wahehe walishindwa na Wajerumani kwa kuwa walikuwa na mikuki tu? (Msomaji, Mafinga)

Hapana. Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, mikuki ilitosha. Kikosi cha Kijerumani cha Emil von Zelewski, aliyeitwa Nyundo, kilitembea mstari mmoja mrefu kwenye njia nyembamba ya vichaka na mawe, mizinga ikiwa imebebwa na punda. Wahehe walijibanza hatua chache tu kutoka njiani. Nguvu ya bunduki ni umbali. Hapo umbali haukuwapo, na Nyundo mwenyewe aliuawa.

Kalenga, kwenye ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, mambo yaligeuka. Ule ukuta wa mawe na udongo ungeweza kumzuia Mngoni, lakini mzinga unapiga kutoka mbali. Tena ukuta wa kilomita kadhaa unadai walinzi kila upande, wakati adui anachagua pa kuvunja. Tarehe 30 Oktoba 1894 Gavana von Schele aliingia. Kwa maoni yetu, kumngoja Mjerumani ndani ya ngome lilikuwa kosa kubwa kuliko uhaba wa silaha.

Zile bunduki karibu 300 zilizotekwa Lugalo zilikwenda wapi?

Zilikuwapo, ila gobore hulishwa baruti na kipande chochote cha chuma, na bunduki ya Mjerumani inataka risasi ya kipimo chake, itokayo kiwandani. Mhunzi wa Uhehe, hata awe hodari namna gani, hakuweza kuifua. Mizinga nayo inahitaji watu waliofunzwa kulenga.

Merere, mtawala wa Usangu, alikuwa msaliti? (Msomaji, Mbarali)

Neno hilo tusilitumie hapa. Wahehe waliwafukuza Wasangu katika nchi yao, na Wasangu wakahamia Utengule ya Usongwe, karibu na Mbeya ya leo. Mjerumani alipokuja, Merere aliona njia ya kurudi kwao, na kweli alirudishwa. Kwake yeye adui alikuwa Mkwawa. Hakukuwa na Tanganyika ya kuisaliti. Jambo hili linatuuma kulieleza, maana Wajerumani wenyewe walikuwa wachache mno. Askari, wapagazi na chakula chao vilitoka kwetu.

Baada ya Kalenga, Mkwawa alidumuje karibu miaka minne?

Kwa kulishwa na kufichwa na watu wake. Ndiyo maana Tom von Prince, ofisa wa Kijerumani aliyejenga boma la Iringa mwaka 1896, alikishambulia chakula: vijiji vilichomwa, akiba zikachukuliwa, na zawadi ya rupia 5,000 ikatangazwa kwa kichwa cha Mkwawa. Mpangile, nduguye, alitawazwa na Wajerumani mwishoni mwa 1896 na kunyongwa Februari 1897. Mkwawa alijipiga risasi tarehe 19 Julai 1898.

Kwa nini Wahehe hawakuingia vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani?

Mwaka 1905 makovu yalikuwa mabichi. Baadhi yao hata walifuatana na Kapteni Nigmann wa Wajerumani kutoka Iringa kwenda kuiokoa boma ya Mahenge. Kusini, baada ya mapigano, mashamba na maghala yaliteketezwa, na njaa ikaua wengi kuliko risasi.

Nikitaka kuyaona maeneo haya, nianzie wapi?

Lugalo ipo kando ya barabara kuu ya Iringa–Morogoro, kuna mnara. Kalenga ni upande wa barabara ya Ruaha. Makumbusho yake yanatunza fuvu la Mkwawa lililorudishwa kutoka Bremen, Ujerumani, mwaka 1954. Endelea na barabara hiyo hiyo hadi Mlambalasi, lilipo kaburi lake.