Jibu: Kwa nini bado niko na Windows 7

Ndugu yangu, umeuliza kama ni ukaidi au ubahili unaonifanya niendeshe duka la kuchapisha hapa Majengo kwa Windows 7. Vyote viwili, kidogo. Lakini sababu kubwa iko mezani: skana kuukuu, pana kama sinia la pilau, ambayo walioiunda hawajaitolea draiva mpya (programu ya kuiunganisha na kompyuta). Nikiichomeka kwenye laptopu yenye Windows 11, kimya. Kwenye mashine yangu inanguruma, taa inapita, kitambulisho cha mteja kinatoka safi. Niitupe kwa nini?

Halafu kompyuta yenyewe ina ramu (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 2. Windows 11 yataka GB 4 kwa uchache, pamoja na TPM 2.0, chipu ya usalama ambayo ubao mkuu wa kompyuta yangu hauna. Kwa hiyo kusasisha kwangu ni kununua mashine nyingine.

Ila usiniige kibubusa. Microsoft iliacha kutoa viraka vya usalama vya bure Januari 2020, na Chrome kwa Windows 7 iliishia toleo la 109. Ndiyo maana mashine hii nimeichomoa waya wa intaneti. Kazi yake kuskani na kuchapa tu. iTax na eCitizen, tovuti za serikali ya Kenya za kodi na huduma, nafungua kwenye laptopu. Faili husafiri kwa flashi, nayo naipekua virusi kwanza (wateja wa hapa na flashi zao, Mungu anisitiri).

Kama kompyuta yako ni ya kuingilia benki, achana na 7. Jaribu Linux Mint ya Xfce, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, katika toleo lake jepesi; GB 2 zinaibeba, ingawa itajikongoja ukifungua tabo nyingi.