Maswali ya Wasomaji: Mabomba Mawili ya Moshi, H au X?

SWALI: Nina pikapu aina ya Chevrolet C10 ya mwaka 1978, injini V8 ya lita 5.7, ambayo huvuta tela hapa Texas. Fundi ananiwekea mabomba mawili ya moshi, kila moja na sailensa yake, naye ananiuliza kama ayaunganishe kwa umbo la H, la X, au ayaache yalivyo. Nichague lipi?

JIBU: Yaunganishwe, tena kwa umbo la H, yaani bomba fupi linalokingama kati ya mabomba hayo mawili. Silinda za injini yako huwaka kwa mpangilio wa 1-8-4-3-6-5-7-2, zile za namba witiri zikiwa upande wa kushoto na za namba shufwa upande wa kulia. Kwa hiyo silinda ya 8 na ya 4 hufuatana upande mmoja, kama zinavyofuatana ya 5 na ya 7 upande wa pili, na moshi wa zote mbili unapoingia mfululizo katika bomba lilelile, shinikizo hupanda humo ilhali bomba jingine lina nafasi. Kiunganishi huupa msukumo huo njia ya pili, na mlio wa gari ukawa mzito na mtulivu badala ya kukatakata.

Umbo la X hukutanisha mikondo yote miwili. Faida yake huonekana zaidi injini inapozunguka kwa kasi kubwa, na mlio wake huwa mwembamba. Gari la kuvuta tela halifanyi kazi yake katika kasi hizo. Isitoshe, X hulazimu mabomba yasogee katikati, penye giaboksi na propela, na hapo nafasi ni finyu.

Mahali pa kuunganishia pasikisiwe. Mafundi wa Marekani wana mbinu ya miaka mingi: hupaka mstari wa rangi ya kawaida, isiyohimili joto, juu ya kila bomba, wakaiendesha injini kwa muda, kisha wakaweka kiunganishi pale rangi inapokoma kuungua. Pakiangukia kwenye kikingamo cha giaboksi, yaani chuma cha kukingama kinachoibeba, heri kusogea kidogo kuliko kulipinda bomba.

Jambo ninalokusihi ulisimamie ni hili: kiunganishi kisichomelewe moja kwa moja pande zote mbili, bali kikatwe katikati na kufungwa kwa flenji (bapa za chuma zinazokazwa kwa boliti) au klampu, ili siku ya kushusha giaboksi fundi afungue boliti badala ya kukata bomba.