Kabla Hujasema Leza Zako Zinaelewana

Juma lililopita kijana mmoja aliniandikia. Ana modeli ya leza 12 za faiba (zile zinazozalisha mwanga ndani ya uzi wa kioo) zilizounganishwa, kompyuta imempa r, kipimo cha kupatana kwao, ya 0.27, naye anataka kujua kama anaweza kuiita "kohirensi ya kiasi", yaani mawimbi yao yanakwenda pamoja kidogo, kwenye tasnifu yake. Niliusoma ujumbe huo nikiwa ndani ya matatu, Thika Road, nikashuka kituo kimoja kabla ya changu. Nilihitaji kutembea.

Mimi nami niliwahi kuiandika sentensi hiyohiyo.

Zangu zilikuwa leza 10. Nilikuwa nimepanga chumba Roysambu, laptopu yenye betri iliyokufa, na stima ikipotea usiku, hesabu yote imekwenda. Miezi ile siisimulii. Nilitumia mlinganyo wa Kuramoto, ule wa 1975: kila leza ina masafa yake, yaani kasi ya mtetemo wa mwanga wake, kila moja inavutwa kidogo na wenzake kwa nguvu iitwayo k, na r inakuambia awamu zao, yaani mahali kila wimbi lilipofika katika mtetemo wake, zimepatana kiasi gani. 1 ni kupatana kabisa; 0 ni kila mtu na lwake. Nikapata 0.31. Nikampigia mama simu nyumbani, akashukuru Mungu bila kujua anashukuria nini. Kwenye slaidi nikaweka mshale mwekundu kuelekea nambari hiyo.

Siku ya utetezi, mtahini wa nje, mama mmoja mpole, alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Kijana, leza zako zikiwa hazijuani kabisa, r ni ngapi?"

"Sifuri, daktari."

"Hata zikiwa 10 tu?"

Nikanyamaza. Akaenda ubaoni mwenyewe, akaandika 1 juu ya mzizi wa 10. Takriban 0.32.

Chukulia awamu ya kila leza kuwa mshale, na r kuwa wastani wa mishale yote. Ukielekeza mishale 10 ovyo ovyo, haifutani yote. Hubaki mabaki, na mabaki hayo kwa kawaida ni kama 1 juu ya mzizi wa idadi yake. Hukaribia sifuri tu mishale ikiwa mingi mno. Mimi nilikuwa nimepima mabaki nikayaita mapatano. Mtu mmoja safu ya nyuma alicheka. Namkumbuka, na sijamsamehe sawasawa.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kabla ya kuunganisha leza zako, zitenganishe. Weka k iwe 0, endesha programu mara 100 kwa awamu za kubahatisha, uandike r unayopata. Hiyo ndiyo sakafu yako. Halafu ongeza leza kutoka 10 hadi 40: r ikishuka nusu, huna kitu, hata grafu ipendeze vipi.

Lakini kosa langu kubwa hakuna aliyeniuliza. Niliipa kila leza masafa yake mamoja, nikaifungia hapo. Leza ya faiba haiko hivyo. Faiba ya mita 10 ina masafa mengi ya kuchagua, yamepishana takriban megahezi 10, na leza huangukia yale yanayopoteza mwanga kidogo zaidi. Ni kama chama kinachotafuta siku ya kukutana. Kila mwanachama ana siku kadhaa za nafasi, na wakiwa watano siku ya pamoja haikosekani. Wakiwa ishirini, mtaahirisha hadi Desemba. Ndiyo sababu leza zinazojipatanisha zenyewe huanza kulegea idadi ikipita kama 10. Mimi nilikuwa nimempa kila mwanachama siku moja, kisha nikashangaa mbona hawakutani.

Tena mwanga huenda na kurudi ndani ya faiba hiyo kwa takriban nanosekunde 100, ilhali iterbiamu, elementi inayotiwa ndani ya faiba ili kukuza mwanga, hutunza nishati yake karibu milisekunde 1. Hiyo ni mizunguko 10,000. Modeli yenye awamu peke yake haina mahali pa kuweka kumbukumbu hiyo. Niliporudia kazi nilihesabu mzunguko baada ya mzunguko, mwanga pamoja na nishati, na masahihisho yakanila miezi sita. Wenzangu walihitimu. Nilitazama picha zao kwenye simu.

Vijana mnapenda sana nambari inayopanda. Ipendeni pia ile isiyopanda. Inaweza kuwaokoa aibu ubaoni.

Nilimjibu yule kijana kwa mstari mmoja: weka k iwe 0, uniambie r. Jana usiku alinitumia jibu. 0.26. Hakuongeza neno.