Pikapu kuukuu hufufuliwa kuanzia chini

Wengi wanaoniomba ushauri kabla ya kununua pikapu ya zamani huanza na swali la injini. Inawaka kwa funguo moja? Inatoa moshi? Wakiambiwa injini ni nzima, wanatoa hela. Mimi injini naiangalia mwisho. Injini ya Hilux inashushwa, inafunguliwa mezani, na ikishindikana inatafutwa nyingine. Chasisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima, ikiliwa na kutu itakula fedha zako zote na bado hutathubutu kuipandisha mlima ikiwa na mzigo.

Ninayoiendesha sasa ni Toyota Hilux LN106 ya kabini moja, kizazi kilichotengenezwa kati ya 1988 na 1997, yenye injini ya dizeli ya 3L, cc 2,779. Ilibeba machungwa ya Muheza miaka mingi, na mimi nimeitengeneza uani kwangu hapa Tanga, jioni na siku za mapumziko, nikimwita fundi pale tu kazi ilipohitaji mkono ulioizoea. Mji wetu ni wa pwani na upepo wa chumvi hauna huruma na chuma, kwa hiyo nitakayosema kuhusu kutu nimeyaona kwa macho. Aliyeko Iringa au Arusha atakuwa na nafuu kidogo, ila asijiamini sana, maana tope nalo linaozesha.

Unapokwenda kuangalia gari, beba nyundo ndogo, bisibisi kubwa, tochi na nguo ya kulalia chini. Salimiana na mwenye gari vizuri, mwombe ruhusa, kisha ingia chini. Gonga chasisi kuanzia mbele hadi nyuma, hatua kwa hatua. Chuma kizima kinalia, na mlio unasafiri. Kilicholiwa kinatoa sauti butu, kama umegonga gogo lililooza. Sehemu za kukazia macho ni pale springi za nyuma zinaposhikwa na chasisi, pale chasisi inapopanda kupita juu ya ekseli ya nyuma, na upande wa mbele ambako chasisi imefungwa kama boksi. Humo ndani tope huingia kupitia matundu na kukaa miaka. Ingiza bisibisi kwenye tundu ukwangue. Ukitoka udongo mkavu peke yake, shukuru. Ukitoka umechanganyika na magamba ya kahawia mapana kama maganda ya kitunguu, ujue ukuta umeanza kuwa mwembamba kutoka ndani, hata kama nje unang'aa.

Na ukikuta chini kumepakwa rangi nyeusi mbichi au oili chafu kila mahali, kuwa mwangalifu zaidi. Mzee aliyeniuzia hakupaka kitu. Aliniambia, "Mwanangu, ingia uone mwenyewe, mimi sina cha kuficha," na nilimpenda kwa hilo.

Pima pia kama chasisi imepinda. Hii haihitaji mashine. Chukua futi ya kamba, tafuta tundu la kiwandani upande wa kulia mbele na tundu linalolingana nalo upande wa kushoto nyuma, pima mshazari huo, kisha pima mshazari wa pili. Vipimo vikitofautiana kwa milimita chache hakuna neno. Vikitofautiana kwa sentimita mbili au zaidi, gari hiyo iliwahi kugonga au kupinduka, na itakula matairi hadi mwisho wa maisha yake. Iache.

Ukishaileta nyumbani, jambo la kwanza ni usalama wa anayelala chini yake. Nunua stendi za jeki nne, za uzito unaotosha, uziweke kwenye sakafu ngumu. Matofali yanapasuka bila kutoa taarifa, na jeki peke yake inashuka mpira wake ukichoka. Nimesikia habari za misiba ya namna hiyo, na sitaki kusikia nyingine. Halafu piga picha za kila kitu kabla ya kufungua, na kila furushi la bolti liingie kwenye mfuko wake ulioandikwa limetoka wapi. Kazi ya nyumbani inasimama na kuanza, na kichwa kinasahau.

Bolti zilizogandishwa na kutu usizilazimishe. Zisugue kwa brashi ya waya, zilowanishe mafuta ya kupenya jioni, rudia asubuhi, kisha zijaribu kwa spana ya boksi yenye pande 6, inayoshika vizuri kuliko ile ya pande 12. Zikaze kidogo kwanza ndipo ulegeze. Ikikataa kabisa, moto wa gesi kwenye nati, mbali na tangi na mabomba ya breki. Unaporudisha bolti za springi, stelingi au breki, usikubali bolti yoyote iliyookotwa dukani kwa sababu inaingia. Soma kwenye kichwa cha bolti. Iliyoandikwa 8.8 na iliyoandikwa 10.9 hazina nguvu sawa, na isiyo na maandishi kabisa haina kazi kwenye sehemu hizo.

Sasa breki, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Kwenye gari iliyokaa muda mrefu, tengeneza mfumo wote. Bomba la mpira la breki lililochoka linajikunja ndani na kuziba njia, hivyo pedeli inaonekana ngumu na nzuri kumbe tairi moja halishiki. Bomba za chuma zinazopita juu ya chasisi zipapase kwa vidole, hasa pale zinaposhikwa na vibanio, kwa sababu maji hukaa hapo. Masta silinda, ile inayosukumwa na pedeli, na wili silinda, zile zilizo kwenye matairi, zikifunguliwa, angalia ukuta wa ndani kwa tochi. Ukiwa laini, mpira mpya wa ndani ya silinda unatosha. Ukiwa na vishimo, mpira mpya utavuja baada ya muda mfupi, nunua silinda nzima. Vumbi la breki shuu za zamani lisafishe kwa maji na sabuni, usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa, maana shuu za miaka ile nyingi zilikuwa na asbesto.

Kuna kifaa kimoja kwenye Hilux ambacho mafundi wengi hukipita. Juu ya difu ya nyuma, lile boksi la gia katikati ya ekseli, utaona kifimbo cha chuma kinachopanda hadi kwenye vali iliyofungwa kwenye chasisi. Hiyo vali inapima mzigo kwa kuangalia umbali kati ya difu na chasisi. Gari ikiwa tupu, chasisi iko juu, vali inapunguza nguvu ya breki za nyuma ili matairi yasifunge na gari ikaserereka. Ikipakiwa, chasisi inashuka, vali inafungulia nguvu. Sasa wenye kubeba mizigo wana tabia ya kuongeza majani ya springi hadi gari inanyanyuka nyuma. Ukibeba tani nzima chasisi haishuki, vali inaamini gari ni tupu, na breki za nyuma hazifanyi kazi yake wakati unazihitaji kuliko siku zote. Kama yako imeongezwa majani, au rudisha springi za asili, au hakikisha kishikio cha hicho kifimbo kimerekebishwa ipasavyo. Na unapotoa upepo kwenye breki, itoe na kwenye vali hiyo pia.

Mbele kuna ugonjwa mwingine wa LN106. Ina ekseli ngumu, na kwenye kila kona kuna tufe la chuma linalogeuka na tairi, ndani yake jointi ya kuzungusha tairi, imejazwa grisi. Ukiona tufe hilo limelowa uji mweusi mwembamba unaochuruzika mpaka kwenye rimu, maana yake ni kwamba sili ya ndani imekufa, oili ya difu imevuka na kuchanganyika na grisi. Kazi yake ni chafu lakini inafanyika uani. Fungua habu, toa shafti, osha kila kitu kwa dizeli, weka sili mpya za ndani na za nje, kagua beringi za juu na za chini kama zimechimbika, jaza grisi upya. Wengi huishia hapo, na baada ya miezi michache uji unarudi. Sababu ni kipumulio cha difu, kale kakofia kadogo juu ya ekseli. Difu ikipata joto, hewa ndani inapanuka. Kipumulio kikizibwa na tope, hewa inatafuta njia kupitia sili. Kizibue, au weka kipya, ndipo sili ulizonunua zitadumu.

Nimefika kwenye injini. Iwashe ikiwa imelala usiku mzima, baridi kabisa, na kama muuzaji ameipasha moto kabla hujafika, rudi siku nyingine. Fungua mfuniko wa rejeta kabla ya kuwasha, angalia maji, washa. Mapovu yasiyokoma ni dalili ya gasketi iliyoungua au silinda hedi yenye ufa. Fungua na mfuniko wa oili injini ikiwa inaunguruma. Kupumua kidogo ni kawaida kwa dizeli ya umri huo, lakini ikipumua kwa nguvu kama inataka kuutupa mfuniko, ringi zimechoka. Moshi wa bluu ni oili. Mweusi ni dizeli nyingi au hewa chache, na mara nyingine dawa yake ni filta ya hewa tu.

Mkanda wa taimingi badilisha hata kama muuzaji anaapa ni mpya. Toyota waliweka taa kwenye dashibodi inayowaka kila kilomita 100,000 kukumbusha kazi hii, ila kwenye magari mengi ya zamani taa imeshachomolewa au kihesabu kilomita kimekufa. Mkanda ukikatika, pistoni na valvu zinakutana, na unaanza kutafuta silinda hedi.

Kuhusu kuchemsha, kuna ushauri wa vijiweni wa kutoa themostati ukasahau shida. Ukatae. Kwenye injini nyingi za Toyota themostati ina kazi mbili. Inafungulia maji kwenda kwenye rejeta, na wakati huohuo inafunga njia ya mkato inayoyarudisha kwenye injini. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, maji mengine hayapiti kwenye rejeta kabisa, na gari inachemsha zaidi ikiwa na mzigo. Zibua rejeta, weka themostati sahihi, tumia kuleti, maji maalumu ya rejeta, badala ya maji ya bomba, na fanklachi, klachi inayozungusha feni, ikiwa imechoka ibadilishe.

Bodi ya kabini inaoza kutoka mahali maji yanaposimama. Ng'oa kapeti lote. Sakafu chini ya pedeli, kona za chini ya mpira wa kioo cha mbele, na chini ya milango ambako vitundu vya kutolea maji vimezibwa na vumbi, hapo ndipo penye kazi. Kata chuma kibovu chote hadi ufikie kilicho safi. Kwa sakafu natumia bamba jeusi la geji 18, kwa milango geji 20. Mabati ya kuezekea nayaogopa, kwa sababu yamepakwa zinki na moshi wake yakichomelewa unaleta homa na kifua kubana. Kabla ya kuchomelea toa nyaya zote mbili za betri, chomoa alteneta, na ukiwa karibu na tangi lishushe kabisa. Choma nukta moja hapa, nyingine kule, uache chuma kipoe, la sivyo bamba litapinda lote. Puti, ule uji wa kusawazisha bodi, ije mwisho, nyembamba, ya kulainisha tu. Ukiona fundi anajaza tundu kwa puti, mshukuru umwambie aache.

Umeme nitausema kwa kifupi. Nusu ya matatizo ya taa na stata kwenye pikapu za zamani ni erthi. Safisha mahali waya wa betri unapogusa chasisi, na ule unaotoka injini kwenda kwenye bodi, hadi chuma kiwe cheupe. Kisha toa nyaya zote zilizoongezwa na kuungwa kwa selotepu, moja baada ya nyingine.

Spea usizifuate kwa maneno. Beba kipuri cha zamani mkononi na namba ya chasisi iliyoandikwa kwenye kibao cha gari. Dar es Salaam natafuta Shaurimoyo kwa vilivyotumika na Kariakoo kwa vipya. Sili, beringi, mkanda na vitu vya breki nanunua vipya vya uhakika, hata kama lazima nisubiri mshahara. Milango, taa, boneti na viti vilivyotumika havina tatizo. Injini ukiibadilisha, peleka namba yake TRA, mamlaka ya mapato, iingizwe kwenye kadi ya gari, na ukibadili rangi vilevile. Gari isiyolingana na kadi yake itakusumbua barabarani na siku ya kuuza.

Ndipo rangi. Mimi niliiendesha yangu muda mrefu ikiwa na praima ya kijivu, na majirani walinicheka, lakini kila kilichovuja au kulegea kilijitokeza kabla sijapiga rangi, nikakirekebisha bila kuogopa kuikwaruza. Mafuta ya breki yanachubua rangi mpya kwa dakika chache, kwa hiyo kazi zote za breki na klachi zimalizike kwanza. Ukishairudisha barabarani, baada ya kilomita 500 ingia tena chini. Kaza upya yu-bolti za springi, kagua nati za matairi, shika kila bomba la breki uone kama lina unyevu, na gusa habu zote nne kwa kiganja mara tu unaposimama. Itakayokuunguza kuliko wenzake ina breki inayobana au beringi iliyokazwa kupita kiasi, ifungue siku hiyohiyo.