Magugu kwenye ukoka bila kupiga dawa, maswali yenu

Haya wadau, tangu mvua zianze inboksi yangu imejaa magugu matupu, nimechukua maswali yanayojirudia sana.

Nipo Goba, ndago zimeingia kwenye ukoka wangu. Nang'oa Jumamosi, Jumatano zipo tena na zimeupita ukoka urefu. Dawa sitaki, nina watoto na kuku.

Pole dada. Kwanza hakikisha ni ndago kweli, zungusha kibua chake kwenye vidole, ukisikia kona tatu ndo yenyewe. Shida ni kwamba ukivuta unaondoka na majani tu, chini kuna vitunguu vidogo vyeusi vimeshikana kwa nyuzi kama tasbihi, ukikitoa kimoja wenzake wanaamka. Mi nilishawahi kuingia na jembe kwa hasira nikalima kipande chote, kumbe nazikatakata na kuzisambaza, mvua iliyofuata nilikuwa na shamba la ndago. Jembe weka ndani. Subiri udongo uwe na unyevu, chomeka uma wa bustani, nyanyua bonge taratibu, fuata uzi kwa vidole mpaka upate vile vitunguu, vianike kwenye bati vikauke kabisa, na usivitupe kwenye shimo la mbolea utajuta. Zitakazobaki zing'oe zikiwa bado changa, kabla hazijafikisha majani matano sita, maana zikishakua ndo zinaanza kutengeneza vitunguu vipya huko chini. Ni kazi ya msimu mzima, pengine miwili, sikudanganyi.

Halafu ndago haipendi kivuli, na hapa ndo wengi tunajiharibia wenyewe, fundi anakuja na mashine anakata ukoka mpaka udongo unaonekana kama kipara, anasifiwa amekata vizuri. Mwambie aache kama sentimita 5. Ukoka ukijaa, gugu jipya halipati jua la kuotea. (Nguruwe wanazifukua ndago na kuzila vizuri sana, ila wakimaliza na ukoka umekwisha.)

Jirani kaniambia nimwage chumvi ya mawe na siki, ni kweli inaua?

Inaua ndio, pamoja na ukoka wako. Chumvi inabaki kwenye udongo, gugu likifa na wewe kupanda kitu hapo inakuwa shida, achana nayo kabisa. Siki ya dukani inaunguza majani tu, kigugu kidogo kitakufa, chenye mzizi wa maana kitarudi. Itumie kwenye mianya ya pevingi, tena hapo hata maji yaliyochemka yanatosha.

Dodoma huku mbigili zimetuzidi, zinatoboa mpaka ndala, mtoto hachezi nje.

Hii ni rahisi kuliko inavyoonekana mama. Ile yenye maua ya njano imetambaa pote lakini mzizi ni mmoja tu wa katikati, kusanya matawi kama unafunga nywele, utafika kwenye shingo yake, ikate kwa kisu chini kidogo ya udongo, haifufuki. Wahi ikiwa na maua tu, bado miiba. Miiba iliyokwisha dondoka buruta zulia kuukuu juu yake, inanasa yenyewe, kisha choma. Rudia kila mvua zikinyesha, mbegu zake zinakaa ardhini miaka.

Niliweka samadi ukoka unawiri, sasa nimeotesha kila aina ya gugu. Moshi.

Ilikuwa mbichi hiyo. Mbegu nyingi zinapita tumboni kwa ng'ombe zikiwa nzima. Ilundike, imwagie maji kidogo, igeuze kila baada ya wiki mbili hivi, ikiwa inaiva sawasawa ukichomeka mkono katikati unautoa fasta kwa joto. Ipe miezi mitatu ndo uitandaze. Hayo yaliyoota mengi ni ya msimu, kishona nguo na wenzake, yavute kabla hayajatoa mbegu.

Limuru: klova nyeupe, ile ya vijani vitatu vitatu na maua meupe, imejichanganya na nyasi zangu za Kikuyu, niing'oe?

Ya nini? Inavuta naitrojeni kutoka hewani na kulisha udongo, na mara nyingi inashamiri pale nyasi zinapolia njaa ya mbolea. Iache tu, ila ikichanua watoto wavae viatu, nyuki wanajaa.